Mzee karudisha barua ya posa kisa bibi wa bibi yake kijana alikuwa mtumwa. Naomba tujadili hoja za dini zilizoufuta utumwa

#1 mleta uzi

Wakuu salaam, waislamu asalaam aleykum, wakristo bwana asifiwe, na wengine wote habari za jioni. Hili jambo nimelibeba toka jumamosi halinitoki kifuani, leo naliweka hapa, uzi mrefu naomba mnivumilie.

Jumamosi tulikuwa Pangani, imeletwa posa ya binti wa dada yangu. Kijana tunamjua, ana dini, ana kazi, na wenyewe wamependana. Mshenga mtu mzima, kaingia na barua imefungwa kwenye kitambaa cheupe, tukakaa kwenye mkeka, kahawa na kashata zikaja. Baba yetu mkubwa akaisoma barua mpaka mwisho, akaikunja vilevile ilivyokuja, akairudisha kwenye kitambaa akapiga fundo. Akasema kijana sina neno naye, ila kwao ni wazalia, bibi wa bibi yake alikuwa mtumwa kwenye shamba la miwa huko juu ya mto, si kufu yetu, yaani si wa hadhi yetu kuoana naye. Basi. Hakuna aliyekohoa. Yule mshenga akachukua kitambaa akitie mfuko wa kanzu, mara ya kwanza akaukosa mfuko maana mkono ulikuwa unamtetemeka, akasema tumesikia, akaaga akaondoka. Kahawa yake hakuigusa.

Wakuu mimi nilitamani mkeka unimeze. Tanganyika utumwa ulifutwa kabisa kisheria mwaka 1922, Zanzibar amri ya Sultan Hamoud ni ya tarehe 6 April 1897, pwani ya Kenya 1907. Yaani zaidi ya miaka mia imepita, sheria imeshafika lakini kuna watu hoja haijawafikia, wanajua tu kwamba serikali ilikataza kama inavyokataza kuchoma mkaa. Ndo maana nataka tuongee hoja zenyewe, kwa nini watu wa dini walifika mahali wakasema hii kitu ni haramu, ni dhambi, basi. Na nitasema za pande zote mbili maana nyumbani kwetu tuko pande zote mbili, mama yangu mdogo ameolewa na mwinjilisti Muheza na tunakula Pasaka kwake kila mwaka.

Nimesoma hii mambo kwa miaka sasa na ninachokiona mimi ni kwamba hoja iliyouvunja utumwa, kwa waislamu na kwa wakristo, ni ileile moja na ni swali dogo sana: HUYU MTU UMEMPATAJE? Sio swali la unamlisha vizuri, sio unampiga au humpigi, ni umempataje. Maana ukishauliza hivyo lazima mtu arudi nyuma, kanunua kwa fulani, fulani kanunua kwa msafara wa Kilwa, msafara umewatoa kule ziwa Nyasa, na kule walipatikanaje? Kijiji kimechomwa usiku, watoto wamekamatwa wakikimbilia mtoni. Sasa kitu cha wizi ukikiuza mara kumi hakigeuki halali, hata muuza simu Kariakoo analijua hilo.

Tazama maandiko yenyewe. Kutoka 21:16 inasema anayemwiba mtu akamuuza, au akikutwa naye mkononi, hukumu yake ni kifo. Ona hapo "akikutwa naye mkononi", haikuishia kwa mwizi, imemfuata mpaka aliyeshika mali. Na upande wetu kuna hadith qudsi iko Bukhari, Mwenyezi Mungu anasema watu watatu mimi mwenyewe nitakuwa hasimu wao siku ya kiyama, mmoja wao ni yule aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Mtu HURU. Na mafakihi wetu wana kanuni kwamba asili ya mwanadamu ni uhuru, utumwa ndo unaohitaji ushahidi. Kwahiyo anayedai huyu ni mtumwa wangu ndiye alete ushahidi, sio yule mtu ajitetee kwamba yuko huru.

Mwaka 1615 mwanachuoni wa Timbuktu, Ahmad Baba, aliandika jibu kwa watu waliomuuliza kuhusu watumwa weusi wanaoletwa sokoni. Huyu mzee alikuwa anajua anachoongea, maana alishawahi kukamatwa yeye na familia yake akapelekwa Morocco amefungwa pingu. Akajibu kwamba weusi sio sababu ya utumwa, na ile habari ya laana ya Hamu, kwamba weusi walilaaniwa wawe watumwa, haina mashiko, na anayenunua mtu bila kujua asili yake yuko hatarini. Sitaki kumfanya zaidi ya alivyokuwa, yeye bado alikubali kwamba asiye muislamu akitekwa kwenye jihadi ya kisheria anaweza kumilikiwa, lakini pointi yake kwamba mtu usimnunue mpaka ujue katoka wapi, hiyo ndo ilikuja kufanya kazi baadae.

Maana 1846 Ahmad Bey, mtawala wa Tunis, kaipigia hesabu hiyohiyo. Kaandikia masheikh wake, tena wa madhehebu zote mbili, Hanafi na Maliki, kwamba hawa watumwa tulionao hatuna uhakika kama walipatikana kwa njia inayokubalika, na hata wakipatikana hivyo watu wetu hawawatendei kama sharia ilivyotaka, kwahiyo bora tufunge. Akafunga. Miaka 2 kabla ya Ufaransa kufuta kwenye makoloni yake, na miaka 19 kabla ya katiba ya Marekani kuukataza nchi nzima. Hii habari kwa nini hatufundishwi madrasa mimi sielewi kabisa.

Naishia hapa kwanza, leteni maoni, nitarudi na upande wa wakristo.

#2 mdau

Mkuu umeandika vizuri ila unawapamba tu. Mzungu kafuta utumwa sababu ya viwanda na mashine, alitaka soko na vibarua, hayo ya Biblia ni mapambo. Na huku kwetu Sultan Barghash wa Zanzibar hakusaini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa kwa sababu ya aya, kasaini kwa sababu ya manowari.

#3 mdau mwingine

Mleta uzi samahani, kama Uislamu ulikuwa hauutaki utumwa kwa nini Qur'an haikusema tu utumwa haramu kama ilivyosema pombe? Nauliza kwa nia njema.

#4 mleta uzi

Asanteni wakuu, maswali yote mawili mazito, naanza na la #3.

Ukiisoma Qur'an kwa hili utaona imefungua milango ya kutoka mingi mno. Umeua mtu bila kukusudia, komboa mtumwa. Umevunja kiapo, hiyo ni mojawapo ya kafara zake. Umemfananisha mkeo na mgongo wa mama yako, acha huru mtumwa kwanza. Zaka yenyewe, ile 9:60, imewekewa fungu la kukomboa watu shingo zao. Mtumwa akitaka kuandikiana na bwana wake ajinunue, 24:33 inasema muandikieni na mpeni katika mali aliyowapa Mungu. Na suratul Balad inauliza unajua ni nini ile njia ngumu ya mlimani? Jibu la kwanza kabisa: kumwacha mtu huru. Mlango wa kuingilia kwa mtu huru ulibaki mmoja tu, wa mateka wa vita, na hata huo 47:4 imetaja mambo mawili tu ya kuwafanya mateka, kuwaachia kwa hisani au kwa fidia. Kwahiyo nyumba yenye milango kumi ya kutoka na mmoja wa kuingilia, ukiacha watu waishi kwa uaminifu nyumba ingebaki tupu yenyewe.

Lakini sitaki nikujibu nusu. Watu hawakuiacha ibaki tupu. Waliacha ile milango ya kutoka iwe ya sadaka, mtu mwema anaacha huru wawili akikaribia kufa ili aombewe dua, halafu mlango wa kuingilia wakaupanua mpaka msafara mzima ukapita. Wafanyabiashara wa Kilwa na Zanzibar hawakupigana jihadi yoyote na wakulima wa ziwa Nyasa. Walikuwa wanatoa nguo, bunduki na baruti, wanapokea watu. Mwanahistoria wa Morocco, Ahmad al-Nasiri, mwishoni mwa karne ya 19 alilia na hili hili, akasema asili ya watu ni uhuru na hawa wanaouzwa masokoni kama ng'ombe hakuna anayejua walivyotekwa, na wenye kuwaleta ni watu wasio na dini. Aliyasema akiwa ndani ya nchi ambayo soko lilikuwa linaendelea, hakuwa anamjibu mmishenari. Kwahiyo ndugu yangu #3 jibu langu ni kwamba kitabu kilielekeza mlimani na watu wakakaa kwenye kituo wakajenga.

Sasa #2. Manowari ni kweli. January 1873 alikuja mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, Zanzibar na mkataba mkononi, Barghash akakataa, mwaka mmoja nyuma kimbunga kilikuwa kimefyeka mikarafuu kisiwani na yeye aliona akisaini anakosa vyote. Baadae John Kirk, balozi wa Uingereza pale Zanzibar, akapewa maagizo ya kufunga bandari kwa manowari, ndo tarehe 5 June 1873 ikasainiwa na soko la Mkunazini likafungwa. Hilo sikatai hata herufi. Ila jiulize serikali ya Uingereza nani aliisukuma? Mwaka 1792 bunge lao lilipelekewa maombi 519 ya wananchi dhidi ya biashara ya watumwa, kina mama wa nyumbani na mafundi viatu walikuwa wameacha kutia sukari kwenye chai, maana sukari ilitoka mashamba ya watumwa. Na sukari bado ilikuwa inalipa, watu wenye mashamba walikuwa wamejaa bungeni wanapinga. Taifa halijikati mkono unaoliingizia pesa kwa ajili ya mashine tu. Uchumi ulikuwemo, ubeberu ulikuwemo, nakubali, tena ubeberu ukaja kuitumia hiyo kama kisingizio cha kutawala. Ila hoja ya dhambi ndo ilimtoa fundi viatu nyumbani kwake kwenda kuweka sahihi.

#7 mdau wa Masasi

Mleta uzi umenigusa. Mimi ni mtu wa Masasi na kwa upande wa baba sisi ni wale walioletwa 1876 na Askofu Steere kutoka Zanzibar. Kwa wasiojua, hao walikuwa watumwa waliokombolewa, wengi asili yao huku huku kusini, wakaishi kwanza mikononi mwa misheni ya Kianglikana ya UMCA kisiwani, ndo Steere akatembea nao kurudi bara wafike karibu na kwao, wakaishia Masasi. Babu alikuwa anasimulia kwamba wakubwa wao walikuwa hawajui kabila lao kwa uhakika, mtu kachukuliwa mdogo anakumbuka jina la mto tu. Na 1882 Wangoni wakashambulia pale wakachukua tena watu, yaani mtu ametoka utumwani akachukuliwa mara ya pili.

Ninachotaka kuongeza ni kwamba kule kwetu wazee walikuwa hawaongelei hili kwa aibu, wanaongea kama wana wa Israeli. Kutoka Misri. Ukienda kanisani wiki ya Pasaka utaelewa. Aibu ni ya aliyeuza.

#8 mleta uzi

#7 mkuu asante sana, hiyo sentensi yako ya mwisho ningekuwa nayo jumamosi ningeisema pale mkekani.

Na umenifungulia upande wa wakristo, basi naingia. Naanza na ubaya kwanza maana haki ni haki. Wakristo walikuwa na aya zao za kuutetea, Waefeso 6:5 watumwa watiini mabwana zenu, Walawi 25, na ile laana ya Hamu ambayo ukifungua Mwanzo 9 mwenyewe utaona aliyelaaniwa ni Kanaani, Hamu wala hakulaaniwa, na rangi haijatajwa popote. Kule Barbados kulikuwa na mashamba ya Codrington, mwenye mali ni shirika la kueneza injili la Kanisa la Uingereza lenyewe, na watumwa wake walichomwa chuma cha moto kifuani neno SOCIETY, yaani shirika. Fikiria fundi amekaa anapasha chuma ili amwandike mtu jina la shirika la kuhubiri injili. Kanisa hilo liliomba radhi 2006. Na mwaka 1807 London kulichapwa Biblia maalum ya watumwa wa West Indies, wakakiondoa karibu kitabu chote cha Kutoka, Musa kumtoa mtu Misri hamna. Mimi hii ndo naiona hoja kubwa kuliko zote, maana kama Biblia nzima ingekuwa inaunga mkono utumwa usingehitaji mkasi.

Kumbe hoja ilikuwepo zamani sana. Karne ya 4 kule Uturuki ya leo kulikuwa na askofu Gregori wa Nisa, anahubiri kitabu cha Mhubiri, akafika pale 2:7 palipoandikwa nilinunua watumwa na wajakazi, akasimama hapohapo. Akauliza niambie, ulilipa bei gani? Umekuta nini duniani chenye thamani ya mtu? Mfano wa Mungu uliupima kwa senti ngapi? Na akasema hata ile hati ya manunuzi, karatasi na hesabu yako, imekufanya wewe udhani ni bwana wa sura ya Mungu. Mkuu huyu anasema haya miaka zaidi ya 1,600 iliyopita, wenzake wote wana watumwa majumbani, na kanisa likamsikiliza likaendelea na shughuli zake.

Halafu kuna Waquaker, hawa ndo Marafiki wale wa Kaimosi Kenya magharibi. 1688 pale Germantown, Pennsylvania, watu wanne wakaandika karatasi. Hoja yao naipenda kwa sababu ni ya mtu wa kawaida. Walisema sisi tukisafiri baharini tunatetemeka tukiona jahazi la kigeni, tunaogopa ni Waturuki watatukamata watuuze, sasa tunachofanya kwa hawa weusi kina tofauti gani na Waturuki? Na wakauliza anayeiba watu na anayewanunua si wote sawa? Umeona, swali lilelile, umempataje. Karatasi ikapelekwa kikao cha juu, kikao kikasema jambo zito mno kwetu, wakaliweka pembeni.

Ikapita miaka hamsini. Kulikuwa na mzee mmoja Mquaker anaitwa Benjamin Lay, mfupi sana, ana kibiongo, alishaishi Barbados akaona kwa macho. Alikuwa hali sukari, anashona nguo zake mwenyewe asivae kitu kilichopitia mikono ya mtumwa. Mwaka 1738 akaingia kwenye mkutano wao wa mwaka kule Burlington, kavaa koti kubwa, ndani ana sare ya jeshi na upanga, na kitabu amekitoboa kati akaweka kibofu kimejaa maji mekundu ya matunda. Waquaker hawashiki silaha kabisa, kwahiyo hebu piga picha. Akasimama akasema Mungu ataimwaga hivi damu ya wanaowatumikisha wenzao, akakichoma kitabu na upanga, yale maji mekundu yakawarukia waliokuwa karibu. Wakambeba nje. Walishamfukuza uanachama. Ila alikuwa hai 1758 walipoamua kwamba wanaonunua na kuuza watu watengwe kwenye uongozi, na mwaka uliofuata akafariki. Na 1787 London kamati ya kwanza ya kupinga biashara hii ilipoundwa, watu 12, tisa kati yao walikuwa Waquaker.

Na watumwa wenyewe tusiwasahau, maana uzi kama huu huwa unawafanya wawe watu wa kukombolewa tu. Jamaica kulikuwa na shemasi wa Kibaptisti, Samuel Sharpe, mtumwa, anajua kusoma. Aliwaambia wenzake Mathayo 6:24, hakuna mtu awezaye kuwatumikia mabwana wawili, na Krismasi ya 1831 wakaanza mgomo, ukageuka maasi makubwa. Wakamnyonga May 1832. Mwaka uliofuata bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kufuta utumwa kwenye makoloni yake. Huku kwetu nako watoro wa mashamba ya Mombasa na Malindi walikuwa wanakimbilia Fuladoyo na kwenye misheni ya Rabai, mabwana wanakuja kuwadai, mpaka 1889 kampuni ya Waingereza ikawalipa mabwana fidia ya watoro kama 1,400 wapewe karatasi za uhuru. Kumbukumbu la Torati 23:15 inasema usimrudishe mtumwa aliyemkimbia bwana wake, na mhubiri pale Rabai, William Jones, mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa. Huyo humfundishi hiyo aya.

#12 mdada

Mleta uzi nimekufuata kote lakini hujagusa wanawake. Masuria je? Maana nasikia hata ile amri ya 1897 iliwaacha.

#13 mleta uzi

Dada umesikia sawa, na hapa ndo pananiuma.

Amri ya 1897 ilisema mahakama zisitambue tena dai la mtu kumiliki mtu, ila mtumwa aende mwenyewe mahakamani aombe, na bwana akithibitisha alimpata kihalali anapewa fidia. Masuria wakawekwa pembeni, ikasemwa ni mambo ya ndani ya nyumba, watazamwe kama wake. Mpaka 1909 ndo ikaja sheria ya kuwaingiza. Miaka 12 yote hiyo mwanamke aliyenunuliwa alikuwa anatajwa kama mke wakati hakuulizwa. Ndoa ya Kiislamu bila idhini na mahari hakuna, kila mtoto wa madrasa anajua. Kwahiyo ukileta hoja ya dini hapa dini inakugeukia.

Sharia ilikuwa imempa suria aliyezaa na bwana haki kadhaa, haruhusiwi kuuzwa, bwana akifa anakuwa huru, mtoto wake ni huru na anarithi kama wa mke. Hiyo ilikuwa afadhali kuliko Marekani ambako mwenye shamba alikuwa anauza mpaka mtoto aliyemzaa mwenyewe. Lakini afadhali sio haki. Kule mwanzo wa njia kuna msichana amechukuliwa kwao na swali bado lipo, umempataje.

Kuna binti mmoja anaitwa Swema, Myao, habari yake iliandikwa na mapadri wa Roho Mtakatifu waliofika Zanzibar miaka ya 1860. Kachukuliwa na mama yake kwenye msafara, mama akaishiwa nguvu njiani akaachwa afe, mtoto akaendelea mpaka pwani, akafika Zanzibar ni mifupa tu, wakaona huyu hauziki wakamzika. Yuko hai. Kaburi fupi, akasikika, akafukuliwa akapelekwa misheni. Hesabu ya mfanyabiashara ilikuwa imefungwa, mali imeharibika basi. Siku mtu akikuambia watumwa wa pwani walitunzwa vizuri mkumbushe kwamba anayehesabiwa huwa ni yule aliyefika.

Na hilo la fidia nalo ni hivyohivyo. 1833 Uingereza ilitenga pauni milioni 20, karibu asilimia 40 ya matumizi ya serikali kwa mwaka, wakapewa wenye watumwa. Watumwa hawakupewa hata senti, na wakawekewa miaka mingine ya kufanya kazi bure wakiitwa wanagenzi. Deni lililokopwa kulipa hiyo fidia lilimalizika 2015. Hoja ya wizi ilishinda bungeni halafu kwenye malipo wakamlipa mwizi. Kwahiyo mimi nikisema dini iliufuta utumwa simaanishi kazi iliisha.

#17 mdau

Mkuu elimu tumepata, sasa turudi Pangani. Mzee amesimamia kufu na kufu ipo kwenye fiqhi yetu ya Shafii, uhuru na nasaba vimo humo humo. Utamjibu nini?

#18 mleta uzi

Nimemjibu jana mkuu, nilirudi Pangani kwa ajili hiyo tu, nimekaa nae baada ya magharibi sisi wawili.

Nilimwambia baba mkubwa, kufu imo vitabuni kweli, lakini imewekwa kulinda haki ya binti na walii wake wasiozeshwe kwa kudhalilishwa, haijasema ndoa ni haramu, binti akiridhia na walii akiridhia ndoa ni sahihi. Na Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alimuozesha Zaynab bint Jahsh, binti wa shangazi yake, kwa Zaid aliyekuwa mtumwa. Mzee akanijibu haraka, ile ndoa haikudumu. Nikasema sawa, na Fatima bint Qais? Mquraishi, Muawiya na Abu Jahm wamemposa, Mtume akamwambia olewa na Usama, mtoto wa huyohuyo Zaid. Yeye hakupenda, Mtume akarudia, olewa na Usama. Akaolewa, na mwenyewe anasimulia kwenye Sahih Muslim kwamba Mungu akatia kheri ndani yake mpaka wanawake wakamuonea wivu. Hapo mzee akanyamaza kidogo.

Akasema lakini watu wa zamani walijali asili. Nikamuuliza, Seyyid Barghash mama yake nani? Anajua, pwani yote inajua, mama yake alikuwa suria Mhabeshi. Watoto wa Seyyid Said, baba yake Barghash, waliobaki hai alipofariki wote mama zao masuria. Ina maana baba mkubwa wewe ungeirudisha posa ya Barghash? Akasema hapana, maana nasaba inafuata baba.

Wakuu nilikuwa nangoja neno hilohilo bila kujua. Nikamwambia basi kama nasaba inafuata baba, huyu kijana umemhukumu kwa bibi wa bibi yake, upande wa mama, baba zake umewauliza?

Alikaa kimya muda mrefu, mpaka adhana ya isha ikaingia. Tumeswali, tumetoka, njiani ananishika mkono maana macho hayaoni vizuri usiku, akaniuliza yule mshenga nyumba yake iko wapi. Nikamwambia ng'ambo, Bweni. Akasema kivuko cha asubuhi kinaondoka saa ngapi. Hakusema anakwenda kufanya nini na mimi sikumuuliza.

Nimelala hapahapa Pangani, naandika sasa hivi nimekaa barazani, ndani nasikia anatafuta fimbo yake.